Karura, Arboretum, Oloolua au Ngong Road: msitu upi unamfaa mtoto msimu wa mvua?

Aprili ikifika Nairobi, shule hufungwa na mbingu hufunguka. Mzazi anabaki na watoto ndani, televisheni inaunguruma tangu asubuhi, na nje kila kitu kimegeuka kijani. Huku kwetu hakuna baridi kali inayofuatwa na majira ya kuchipua. Kinachoamsha miti ni mvua. Mvua ndefu za Machi hadi Mei ndizo zinazoleta majani mapya, uyoga, konokono, kumbikumbi na vingine vyote ambavyo mtoto wa miaka sita huviweka mfukoni bila kukuambia. Ndio msimu mzuri kuliko yote wa kumpeleka mtoto msituni. Ndio msimu wenye tope kuliko yote pia.

Nairobi ina bahati ambayo majiji mengi hayana: misitu iko ndani ya mipaka yake au kando yake tu, na mingine unaifikia kwa matatu moja tu. Minne ndiyo inayotajwa sana na wazazi: Karura upande wa kaskazini, Arboretum karibu na Ikulu, Oloolua kule Karen, na msitu wa Ngong Road unaopakana na uwanja wa mbio za farasi. Ngong Hills nimeiacha nje kwa makusudi. Ni nzuri, lakini sehemu kubwa ya njia ile ni nyasi, upepo na mitambo ya umeme, na mtoto mdogo anaweza kusukumwa na upepo huo mpaka akalia.

Hata hii minne hailingani, na anayekujibu "wee nenda Karura tu" huenda ana gari na mtoto wa miaka kumi.

Tupime kwa nini?

Watu wengi huanza na uzuri wa mahali. Mimi huanza na swali moja: mtoto akigoma, tunatokaje?

Mtoto hachoki kidogo kidogo kama mtu mzima. Sasa hivi yuko mbele anakimbia na kuita, ukigeuka amekaa chini katikati ya njia, hataki kwenda wala kurudi, na kilo zake zote zimekuwa mzigo wako. Mtu mzima hutembea kilomita nne au tano kwa saa. Mtoto wa miaka mitano anayesimama kila penye konokono hafikishi hata mbili. Kwa hiyo njia ya kilomita tano, ambayo wewe ungeimaliza kabla chai haijapoa kwenye chupa, kwake ni safari ya nusu siku. Msitu wenye mahali pa kukatiza unakusamehe. Msitu wenye mzunguko mmoja mrefu unakulazimisha kumalizia ulichoanza.

Baada ya hilo naangalia tope, maana Aprili ni tope. Kisha usafiri, kwa sababu wengi wetu tunapanda matatu. Kisha kitu cha kuona, na hapa sisemi mandhari: mandhari ni ya watu wazima. Nasema vitu vilivyo karibu na ardhi, vya kushika, kunusa na kuuliza maswali. Mwisho choo, chakula na usalama. Bei sikuipa uzito mkubwa kwa sababu hubadilika. Kwa kawaida Arboretum ndiyo nafuu zaidi, mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Beba kitambulisho na hakikisha una pesa kwenye simu, kwani noti mlangoni hazikusaidii sana siku hizi.

Kufika

Arboretum inashinda hapa bila ubishi. Matatu za Kileleshwa, namba 48, zinakushusha karibu, na kutoka katikati ya jiji mtu mzima hufika kwa miguu kwa nusu saa hivi kupitia barabara ya State House. Unaweza kuamua saa nne asubuhi na saa tano mko chini ya miti.

Karura ina milango kadhaa, na mlango utakaoingilia ndio unaoamua siku yenu itakuwaje. Ukitoka mjini na matatu za Ruaka au Banana unashuka barabara ya Limuru. Ukipanda za Kiambu, namba 100, unashuka barabara ya Kiambu, upande wa makao makuu ya KFS, shirika la serikali la misitu. Anayetoka Zimmerman au Githurai asijisumbue kuzunguka mpaka Limuru Road. Huu wa Kiambu unamfaa zaidi. Mwambie kondakta mapema unashuka geti la Karura, tena umwambie mara mbili, kwa sababu barabara zote mbili zina mwendo wa kasi na dereva akipita stegi utarudi kwa miguu kando ya magari ukiwa umemshika mtoto mkono.

Oloolua iko Karen, kwenye ardhi ya taasisi ya utafiti wa nyani ambayo Louis Leakey aliianzisha mwaka 1960. Matatu namba 24 zinakufikisha Karen, halafu unahitaji boda au teksi kwa kipande kilichobaki. Kwa familia yenye watoto wawili hesabu hiyo ya boda inaanza kuwa kubwa, na boda na mtoto mdogo siku ya mvua mimi siipendi. Mwenye gari ndiye anayeifurahia Oloolua.

Msitu wa Ngong Road unapitiwa na matatu zote za barabara ya Ngong, zikiwemo 111 za Ngong mjini. Unashuka Racecourse. Ni rahisi kufika kuliko watu wanavyodhani. Kinacholeta ugumu ni kile kinachofuata, nami nitakieleza kwenye usalama.

Njia na tope

Karura ni msitu mkubwa, hekta zaidi ya elfu moja, na njia zake zikijumlishwa ni makumi ya kilomita. Njia kuu ni pana kama barabara ya kijijini, na kwenye makutano kuna nguzo zenye namba zinazolingana na ramani. Mpe mtoto wa miaka saba ramani na kazi ya kutafuta namba, na hutamsikia akiuliza "bado?" kwa muda mrefu. Udongo ni ule mwekundu wa upande wa Kiambu. Ukiwa na unyevu kidogo ni mzuri kukanyaga. Mvua ikinyesha usiku kucha unateleza, hasa kwenye miteremko ya kwenda mtoni na ngazi za kushukia maporomoko ya maji. Viatu vya mpira vya shule havifai hapo. Gambuti za mtoto, zile za kununua mtaani, ndizo zenyewe.

Jambo moja la Karura ambalo wazazi wapya hawalitarajii ni baiskeli. Zinakodishwa huko huko msituni, na wikendi waendeshaji ni wengi, wengine ndio kwanza wanajifunza. Mtoto anayekimbia mbele kwenye kona yenye miti minene hasikii kengele. Mweke upande wa kushoto na umzoeshe kusimama ukisema "simama", kabla hamjaingia.

Arboretum ni ndogo, hekta 30 hivi, na sehemu kubwa ya njia zake imetengenezwa vizuri. Baadhi unaweza kusukuma kigari cha mtoto bila kutukana. Mvua ikikatika, baada ya saa moja unatembea. Vijia vya udongo vinavyoshuka upande wa mto vinachafuka, lakini hakuna anayekulazimisha kwenda huko.

Oloolua ina njia moja maarufu ya kilomita tano, nyembamba, inayopinda ndani ya msitu mpaka mto Mbagathi. Hii ndiyo njia ya msitu hasa kati ya zote: mizizi imevuka katikati, majani yanagusa mabega, na mbele huoni zaidi ya mita kumi. Wakati wa mvua kuna sehemu zinazoshikilia maji, na karibu na mto mawe yana utelezi. Ukiwa na mtoto wa miaka minane anayependa kupanda na kuruka, hapo ndipo atakapofurahi. Ukiwa na wa miaka mitatu utambeba.

Ngong Road ina njia za udongo ambazo hazijapambwa, za waendesha baiskeli na farasi pia, na baada ya mvua kwato za farasi huacha mashimo yaliyojaa maji. Watoto huyapenda mashimo hayo kuliko msitu wenyewe.

Mtoto akigoma

Arboretum: unageuka, dakika kumi mko getini. Imekwisha.

Karura inategemea umefika wapi. Kosa ambalo wengi hufanya ni kuweka maporomoko kuwa lengo la siku kwa mtoto wa miaka minne. Kwenda ni kilomita kadhaa, kurudi ni hizo hizo, na kurudi kuna mlima. Lakini Karura ina mizunguko mifupi karibu na milango, na kwa kuwa makutano ni mengi, unaweza kukata wakati wowote ukijua namba uliyopo. Upande wa Sigiria, ng'ambo ya barabara ya Limuru, ni mdogo na mtulivu zaidi, na kwa mtoto mdogo mimi ningeanzia huko.

Oloolua haikusamehi. Ukishafika mtoni uko mbali na geti kwa njia zote mbili. Panga kama mtu anayejua kwamba lazima arudi: pumzikeni mapema, kuleni kabla njaa haijafika, na uwe na leso au kitambaa cha kumbebea mgongoni hata kama mtoto anasema yeye ni mkubwa. Leso nyepesi inachukua nafasi ndogo kuliko sweta na itakuokoa.

Ngong Road iko katikati ya hizi mbili. Unaweza kukubaliana na mlinzi anayewasindikiza mfanye mzunguko mfupi, naye anazijua njia za mkato.

Cha kuona

Hapa ndipo maamuzi yanapokuwa magumu, kwa sababu kila msitu una chake.

Karura ina mbega, wale weusi wenye joho jeupe, ambao waliletwa kutoka kwingine ili warudi kwenye msitu huu. Ina kima wengi, pongo, na paa wadogo sana ambao mtoto atawaona kabla yako kwa sababu macho yake yako kwenye kimo chao. Ukisikia mlio mzito kama wa mtu anayekohoa juu mitini, tafuta shorobo: ndege wa kijani kibichi ambaye akiruka tu anafungua mbawa nyekundu kama damu. Kuna maporomoko na mapango ambayo inasimuliwa wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia miaka ya 1950. Kwa mtoto wa miaka minane na zaidi, Karura ina hadithi nyingine ya kusimulia mkitembea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vya msitu huu vilikuwa vimegawiwa watu wa kujenga majumba. Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche, na Januari 1999 akapigwa na kujeruhiwa kichwani hapo hapo msituni. Miaka mitano baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Miti ambayo mtoto anaishika ipo kwa sababu hiyo, na watoto huelewa haraka kuliko tunavyofikiri, swali lao huwa ni moja tu, "aliyempiga alifungwa?"

Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa sababu garimoshi za wakati huo zilikuwa zinakula kuni na miti ya asili ilikuwa inakwisha. Matokeo yake ni bustani yenye aina zaidi ya 350 za miti kutoka pande nyingi za dunia, mingi ikiwa na vibao vya majina. Usimsomee mtoto vibao. Mpe mchezo: tafuta gome linalobanduka kama karatasi, tafuta jani kubwa kuliko uso wako, tafuta mti wenye miiba shinani. Kuna tumbili, nao hawana haya. Watakuja mpaka kwenye mkeka wenu, mmoja atakushughulisha mbele na mwingine atachukua ndizi nyuma. Mtoto asiwalishe wala asishike chakula mkononi akitembea. Jumapili kuna watu wa maombi wanaoimba chini ya miti, vikundi vya chama, wapiga picha na maharusi. Anayetafuta ukimya aende Jumanne.

Oloolua ni mto, mianzi, mafunjo, pango na maporomoko madogo. Nikiulizwa ni wapi mtoto anapata hisia kwamba ameenda mbali na jiji, jibu ni hapo. Sauti ya magari inakufa mapema. Mbele yako kuna mto wa kweli unaosikika kabla ya kuonekana, na pango ambalo lazima uingie ukiinama kidogo. Wakati wa mvua mto huwa umejaa na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Mtoto asisogee ukingoni, hata kama wiki iliyopita maji yalikuwa ya kifundo cha mguu.

Ngong Road ina ndege wengi na miti ya asili mizuri, lakini barabara ya Southern Bypass imeukata msitu, na sehemu nyingine unasikia malori. Mwaka 1932 ulipotangazwa kuwa msitu wa serikali ulikuwa karibu hekta elfu tatu. Leo haufikii nusu ya hizo. Nasema hivyo si kuwakatisha tamaa. Farasi wa karibu wanaovuka njia huwafurahisha watoto kuliko shorobo yeyote.

Na kuna vitu vya mvua ambavyo viko kote, bila kulipia zaidi. Siku moja baada ya mvua kubwa, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kuacha mabawa yao yamezagaa njiani kama karatasi laini. Kinyonga mwenye pembe tatu anapatikana Nairobi, na akitembea tawini anayumba mbele na nyuma kabla ya kila hatua. Watu wazima wengi humwogopa kwa sababu ya hadithi za nyumbani. Hana sumu, na ukinyamaza mtoto atamtazama robo saa nzima.

Halafu kuna siafu. Msimu wa mvua wanahama, wanavuka njia kwa mstari mweusi unaometa, upana wa vidole viwili, na pembeni wamesimama askari wenye vichwa vikubwa, taya zimefunguliwa. Mwonyeshe mtoto kutoka mita moja. Ni jambo la ajabu kulitazama: wanabeba mayai yao, wanatengeneza kuta za miili yao. Lakini angalia unapokanyaga ukiwa umesimama unatazama. Suruali iingizwe ndani ya soksi. Wakishapanda, usipoteze muda kupangusa juu ya nguo. Vua suruali ya mtoto hapo hapo, watu wapite wakicheka, na uwatoe siafu mmoja mmoja kwa vidole, kwani askari akishauma haachii hata ukimkata.

Chakula, choo na mkeka

Karura ina vyoo milangoni na sehemu ya kula ndani, ambayo bei yake ni ya watu wa Muthaiga. Beba chako. Arboretum ina vyoo na nyasi za kutosha za kutandika mkeka, na hakuna mahali pazuri pa kula chapati na mayai ya kuchemsha mjini kuliko pale. Oloolua ina sehemu za kupumzikia, lakini nunua kila kitu kabla hujafika. Ngong Road fanya mahitaji yote kabla ya kuingia. Mtoto aende choo kabla, akubali asikubali.

Kote, acha nyumbani maji ya chupa za plastiki za kutupa. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, misitu na maeneo mengine ya hifadhi, na renja anaweza kukusimamisha. Chupa ya chuma, kontena la chakula, chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto. Viazi vitamu vilivyochemshwa havipondeki begini, havinukii tumbili kama ndizi, na mtoto anaweza kula akiwa na mikono michafu kwa kushika ganda.

Usalama

Karura ina uzio wa umeme, askari wanaopita na watu wengi, na mchana wanawake wengi wanatembea wenyewe bila wasiwasi. Hata hivyo, mahali pakubwa hivyo mtoto anaweza kukupotea kwa sekunde chache, kwa hiyo mvalishe rangi kali na muwekeane neno: ukinipoteza, simama kwenye nguzo yenye namba, usihame.

Arboretum ina walinzi na watu, na tatizo kubwa ni tumbili na simu yako uliyoiweka juu ya mkeka. Oloolua ina watu wachache, jambo zuri na baya kwa pamoja. Nendeni wawili au familia mbili, na muage getini mnapoingia. Ngong Road usiingie peke yako na mtoto. Sema wazi getini unataka kusindikizwa, au ungana na kikundi. Ukipata mlinzi mzuri utapata pia mwalimu, kwani wengi wao wanajua miti kwa majina ya Kikuyu na ya Kimaasai na matumizi ya kila mmoja.

Upepo ukianza kabla ya mvua, ondokeni chini ya mikaratusi mirefu, ambayo huangusha matawi bila taarifa. Na mkirudi nyumbani, mwogesheni mtoto mkiangalia nyuma ya masikio na kwapani: kupe wa nyasi ndefu ni wadogo kama ufuta.

Nani aende wapi

Arboretum ni ya mwenye mtoto wa chini ya miaka minne, ya bibi anayetaka kuja na wajukuu, ya asiye na gari, na ya siku ambayo una saa tatu tu. Atakayechoshwa nayo ni mtoto wa miaka kumi anayetaka kuruka kitu.

Karura inawafaa wengi zaidi, kuanzia miaka mitano, na ndiyo pekee kati ya minne inayoweza kumridhisha mtoto wa miaka mitano na kaka yake wa kumi na mbili siku moja: mkubwa akodishe baiskeli na mzazi mmoja, mdogo abaki na mwingine kwenye mzunguko mfupi. Haimfai asiyependa umati wa Jumapili.

Oloolua ni ya watoto wa miaka saba kwenda juu, wanaopenda uchafu, wenye wazazi wenye usafiri na subira. Kwa familia ya namna hiyo mimi ningeichagua kabla ya Karura, ingawa najua marafiki zangu wa Runda, majirani wa Karura, hawatakubali.

Ngong Road ni ya waliokwisha kuzoea mingine mitatu, hasa vikundi vya darasa, skauti, au familia kadhaa zilizochanga kuingia pamoja na mlinzi.

Kwa hali yako

Ni mara ya kwanza na hujui mtoto ataweza umbali gani? Anza Arboretum, tembeeni bila kukaa mpaka aseme amechoka, na uangalie saa. Muda huo ugawe kwa mbili: nusu ndiyo umbali wa kwenda huko Karura, nusu nyingine ni ya kurudi.

Mvua imenyesha usiku lakini asubuhi kuna mawingu tu? Nendeni Karura mapema, saa moja na nusu au saa mbili, gambuti miguuni. Msimu huu mvua kubwa mara nyingi huja alasiri na jioni, kwa hiyo saa sita muwe mnaelekea getini, si mnaanza kushuka kwenda maporomoko.

Imenyesha siku tatu mfululizo? Iache Oloolua mpaka mto upungue, na Ngong Road pia. Arboretum itakuwa inatembeka.

Mna watoto wa umri tofauti na gari moja? Karura siku ya kazi, wakati wa likizo, ambapo baiskeli ni chache.

Mtoto anakuuliza kila siku kuhusu mapango na mito, na ana miaka minane? Oloolua, Jumamosi asubuhi, familia mbili, nguo za kubadilisha zikae kwenye gari pamoja na taulo na mfuko wa kutilia viatu.

Na kama mnaamka saa tatu mvua inapiga mabati na haioneshi dalili ya kukata, kaangeni mandazi. Likizo ya Aprili huwa na wiki zaidi ya moja, na misitu hii haiendi popote wiki hii.